Ni Nini Hasa Kinachong'aa Ndani ya Seli Hai?

Katika maabara nyingi za Uganda, makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu hupakwa kwenye slaidi, hukaushwa kwa moto, hutiwa rangi ya auramini na kutazamwa kwa hadubini ya LED. Bakteria huonekana kama vijiti vya kijani-njano kwenye giza. Siku hizi mashine za kusoma vinasaba zimechukua nafasi kubwa katika kugundua ugonjwa, lakini slaidi bado inatumika kufuatilia matibabu, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mgonjwa ametumia dawa miezi miwili, slaidi bado inang'aa. Auramini hushika asidi za mikoliki zilizo kwenye ukuta wa bakteria, na ukuta huo hubaki muda mrefu baada ya bakteria kufa. Vijiti vile vinaweza kuwa vinazaliana, vinaweza kuwa mizoga, na rangi haina namna ya kusema. Anayetaka kujua hulazimika kupanda sampuli na kusubiri wiki kadhaa.

Swali hilo la kinachong'aa na sababu ya kung'aa kwake ndilo msingi wa somo zima la vitambuzi vya fluoresensi, yaani molekuli zinazoingizwa kwenye seli au tishu iliyo hai ili zitoe mwanga pale hali fulani ya kikemia inapokuwepo. Picha zake zinapendeza mno, na uzuri huo huwapotosha watu wengi. Kila kitambuzi hujibu swali moja tu. Asiyelijua swali lenyewe ataisoma picha vibaya hata akiwa na hadubini ya bei kubwa.

Mfano mzuri wa kuanzia uko kwenye kabati la dawa: kwinini. Yeyusha kwinini salfeti kidogo kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, imulike kwa taa ya urujuanimno, nayo itatoa mwanga wa buluu. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alieleza kwamba mwanga unaotoka kwenye kwinini una wimbi refu kuliko ule ulioingia. Molekuli hupokea nishati, hukaa nayo kwa nanosekunde chache, hupoteza sehemu yake kama joto, kisha huitoa iliyobaki kama mwanga. Sasa tia chumvi ya mezani kwenye chupa ileile. Mwanga hufifia. Kwinini haijapungua hata chembe. Ioni za kloraidi hugongana na molekuli zilizobeba nishati na kuzinyang'anya kabla hazijaitoa. Kwa kutumia tabia hiyo, wanakemia walitengeneza vitambuzi vya jamii ya kwinolini vinavyopima kloraidi ndani ya seli.

Jaribio hilo dogo lina fundisho lote. Mng'ao hutegemea wingi wa rangi, mazingira inamokaa, na nguvu ya taa iliyoimulika. Namba unayoisoma kwenye kamera imechanganya mambo hayo matatu, na kazi ya mpimaji ni kuyatenganisha.

Pengo kati ya wimbi linaloingia na linalotoka ndilo linalowezesha hadubini kufanya kazi. Kichujio cha kwanza huruhusu mwanga wa kuchochea tu, kioo cha katikati huuelekeza kwenye sampuli na kuupitisha ule unaorudi, na kichujio cha pili huzuia mabaki ya taa yasifike kwenye kamera. Ukiona kwenye kifurushi imeandikwa 470/40 na 525/50, maana yake ni kwamba uchochezi hupita kati ya nanomita 450 na 490, na mwanga wa kusomwa kati ya 500 na 550. Hiyo ndiyo seti ya rangi za kijani. Auramini nayo huchochewa kwa buluu, kwa hiyo hadubini za LED za kifua kikuu zinaweza kutumika kutazama rangi za kijani za seli hai. Nyingi zina kichujio cha kutokea kinachopitisha kila kitu kuanzia kijani hadi nyekundu, na hapo kupambanua rangi mbili kunategemea jicho badala ya kipimo.

Kwa namna vinavyofanya kazi, vitambuzi vina tabia chache. Baadhi hushika kitu na kung'aa vikishashika: Hoechst 33342 huingia kwenye seli hai, hujibana kwenye DNA palipo na jozi nyingi za A na T, na hung'aa buluu ikichochewa kwa nanomita 350 hivi. Vingine hufuata chaji ya umeme, kama TMRM inayojikusanya kwenye mitokondria, yaani viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati. Vingine hukamata ioni, kama Fluo-4 na fura-2 kwa kalsiamu. Kuna vinavyosubiri kimeng'enya kivikate ndipo viwake, na kalseini AM ni mfano wake. Na kuna protini ambazo seli huzitengeneza yenyewe baada ya kuingiziwa jeni. Ile ya kijani, GFP, Osamu Shimomura aliitenga kutoka kwa kiwavi-bahari Aequorea victoria mwaka 1962, Martin Chalfie akaonyesha mwaka 1994 kwamba inang'aa hata ndani ya viumbe vingine, na Roger Tsien akazalisha rangi nyingi kutokana nayo; watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. GFP haihitaji kuongezewa rangi, lakini inahitaji oksijeni ili kiini chake cha kung'aa kikamilike. Ukikuza seli bila hewa, usishangae ukikuta giza. Kwa Uganda, kazi ya kuingiza jeni hupitia pia taratibu za usalama wa kibiolojia chini ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kwa hiyo panga miezi na si siku.

Tuchukue kipimo kimoja tukifuate hadi mwisho: kutenganisha seli hai na zilizokufa kwa kalseini AM na propidi iodidi. Kalseini AM haina chaji wala mng'ao, hivyo hupenya utando wa seli. Ndani, vimeng'enya vya esterasi hukata vikundi vilivyofunika chaji zake. Kalseini inayobaki ina chaji hasi nyingi, haiwezi kutoka kwa urahisi, na hung'aa kijani. Propidi iodidi haipiti utando mzima kabisa. Huingia pale ulipotoboka, ikashika DNA na kuwaka nyekundu.

Kalseini AM huuzwa mara nyingi kwenye mirija ya mikrogramu 50. Uzito wake wa molekuli ni 995 hivi, kwa hiyo mikrolita 50 za DMSO, kiyeyusho cha rangi hizi, hukupa milimola 1 kwa lita karibu kamili. Toa mrija kwenye friza ya nyuzi -20, uweke kwenye kisanduku chenye silika kavu, na usiufungue mpaka ufikie joto la chumba. Kwa hewa ya Kampala au Entebbe, mrija wa baridi ukifunguliwa mapema hushika umande ndani ya sekunde chache, na maji hayo huanza kuikata rangi kabla haijaona seli. DMSO yenyewe iwe kavu. Chupa iliyofunguliwa na kufungwa kwa miezi imeshakunywa unyevu. Ukishayeyusha, gawanya kwenye mirija midogo ya matumizi ya mara moja. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena huharibu rangi hii.

Osha seli mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi na fosfeti) yenye kalsiamu na magnesi, ikiwa na joto la nyuzi 37. PBS isiyo na ioni hizo hulegeza seli zilizojishika chini, nazo huondoka na maji ya kuoshea. Utabaki na zilizo imara tu na kusema sampuli yako ina afya njema. Kwenye mililita 1 ya PBS weka mikrolita 2 za kalseini AM na mikrolita 1 ya propidi iodidi ya miligramu 1 kwa mililita. Hiyo ni maikromola 2 ya kalseini, mikrogramu 1 ya propidi, na DMSO asilimia 0.2. Usipite asilimia 0.5. Acha dakika 20 hadi 30 gizani kwa nyuzi 37, kisha tazama papo hapo, kwani kalseini huvuja taratibu. Vaa glavu muda wote: propidi na Hoechst hushika DNA yako kama zinavyoshika ya seli, na mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki.

Tenga pia sahani nne za kulinganishia: moja isitiwe rangi yoyote, moja itiwe kalseini pekee, moja propidi pekee, na moja iwe ya seli ulizoziua makusudi kwa methanoli ya asilimia 70 kwa dakika 30. Wengi huziruka sahani hizi kwa kubania rangi, na hapo ndipo hasara kubwa inapoanzia. Bila sahani ya kwanza hujui mng'ao wa asili wa seli ni kiasi gani. Bila ile ya mwisho hujui kama propidi yako bado ni nzima.

Zikija dosari, kila moja ina asili yake. Mandhari yote ikiwa kijani hafifu, kuna masazo ya seramu ya kukuzia seli. Seramu ina esterasi nyingi, nazo huikata rangi nje ya seli. Ukiona nukta nukta za kijani badala ya seli iliyojaa sawasawa, rangi imeingia kwenye vifuko vya ndani: punguza joto au muda, au tumia Pluronic F-127, aina ya sabuni laini, ya asilimia 0.02 ili iyeyuke vizuri. Rangi ikiwaka vizuri kisha ikatoweka haraka, seli zinaisukuma nje, na probenesidi ya milimola 1 hadi 2.5 huzuia baadhi ya njia hizo.

Upo mtego mwingine mkubwa zaidi. Seli za saratani zenye pampu nyingi za P-glaikoprotini huitupa nje kalseini AM kabla haijakatwa. Zinaonekana hafifu, na anayezihesabu huziandika kuwa zimedhoofika, kumbe ndizo sugu kwa dawa. Kalseini ilikuwa inajibu swali la esterasi na utando pamoja na pampu, na haikuwahi kuahidi kupima uhai wenyewe.

Mtego huohuo unatugusa moja kwa moja kwenye malaria. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu haina kiini, kwa hiyo rangi ya DNA kama SYBR Green I ikiwaka ndani yake, inayowaka ni DNA ya kimelea. Ni bahati ya pekee, na ndiyo iliyofanya rangi hiyo ienee katika vipimo vya dawa. Kwanza ondoa chembe nyeupe, maana kila moja ina DNA nyingi mno kuliko kimelea kimoja. Hemoglobini nayo hula mwanga wa buluu na wa kijani, kwa hiyo linganisha sampuli zenye kiasi sawa cha damu. Asilimia 2 ya chembe ni kiwango cha kawaida cha kukuzia.

Lakini mwaka 2021 ulipochapishwa ushahidi kutoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, wa vimelea vinavyostahimili artemisinini, dawa kuu ya malaria, swali likawa gumu zaidi. Kipimo cha ustahimilivu huo huchukua vimelea vya hatua ya pete, vya saa 0 hadi 3, huviweka kwenye dihidroartemisinini, dawa ya jamii hiyohiyo, ya nanomola 700 kwa saa 6, huviosha, kisha husubiri hadi saa ya 72 kuona vilivyosalimika. Vilivyokufa havitoweki. Hujikunja kuwa nukta nzito ndani ya chembe, na DNA yake bado inashika SYBR Green. Ukihesabu kwa rangi hiyo peke yake, mizoga itahesabiwa kuwa mashujaa waliostahimili dawa. Ndiyo maana huongezwa rangi ya pili, kwa mfano MitoTracker Deep Red, inayochochewa kwa nanomita 644 na kusomwa karibu na 665, mbali kabisa na kijani. Hiyo huingia kwenye mitokondria yenye chaji hai. Kinachohesabiwa kuwa hai ni chembe yenye rangi zote mbili. Yenye kijani pekee ni mfu au inayokaribia kufa.

Kwa kifua kikuu, wazo la aina hiyo lilitoka kwa Mireille Kamariza, mkemia aliyekulia Burundi, akifanya kazi na Carolyn Bertozzi nchini Marekani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Walifunga rangi kwenye trehalosi, sukari ambayo bakteria wa kifua kikuu huichukua na kuijenga kwenye utando wake wa nje kwa vimeng'enya vyake. Rangi hiyo ni hafifu kwenye maji na huwaka ikishakaa kwenye mafuta ya utando, hivyo haihitaji kuoshwa. Bakteria asiyefanya kazi ya kujenga utando haiwaki. Bado haijachukua nafasi ya auramini kwenye vituo vya afya, lakini ni mfano safi wa kitambuzi kilichobuniwa kuanzia kwenye swali.

TMRM inastahili onyo la peke yake, kwa kuwa inaweza kukupa jibu lililogeuzwa. Mitokondria yenye afya ina chaji hasi ya milivolti 180 hivi ndani yake, na kwa nyuzi 37 kila milivolti 61 huongeza mkusanyiko wa rangi mara kumi. Hiyo ni karibu mara elfu moja. Ukitumia nanomola 20, mng'ao hushuka chaji inapopotea, kama unavyotarajia. Ukitumia kiwango kikubwa mno, molekuli husongamana hadi kuzimana zenyewe. Chaji ikipotea, zinatawanyika na mng'ao unapanda. Mtu mmoja ataandika kwamba dawa imeimarisha mitokondria, mwingine kwamba imeiua, kwa seli zilezile. Weka FCCP, kemikali inayoondoa chaji ya mitokondria, ya maikromola 1 kwenye sahani moja mwishoni: mng'ao ukishuka mara moja uko upande sahihi, ukipanda kwanza punguza rangi. Na usiioshe TMRM baada ya kuipakia. Iache kwenye maji ya seli muda wote, la sivyo itakuwa inatoka unapopima.

Kwa kalsiamu, fura-2 ya mwaka 1985 bado inaheshimika kwa sababu inajisahihisha yenyewe. Huchochewa kwa nanomita 340 na 380 kwa zamu na kusomwa kwa 510. Kalsiamu ikiongezeka, mng'ao wa 340 hupanda na wa 380 hushuka, kwa hiyo uwiano wake haujali seli ni nene au nyembamba wala imepata rangi kiasi gani. Fluo-4 ni rahisi zaidi kwa sababu hutumia taa ya kawaida ya buluu, lakini seli nene itang'aa zaidi bila kuwa na kalsiamu zaidi. Soma mabadiliko ndani ya seli ileile na usilinganishe seli na jirani yake. Kabla ya kununua fura-2, hakikisha lenzi yako inapitisha nanomita 340. Nyingi hazipitishi.

Taa nayo ni sumu. Rangi iliyopokea nishati huweza kuipitisha kwa oksijeni na kuzaa molekuli zinazochoma utando. Dalili za mwanzo ni seli kutoa mapovu pembeni, mitokondria kukatika vipande, na kalsiamu kupanda bila sababu. Anza na LED kwa asilimia 5 hadi 10 na milisekunde 100, na ongeza usikivu wa kamera kabla ya kuongeza mwanga. Taa iwake kamera inapopiga tu. Kisha uwe na seli zilizotiwa rangi lakini hazikumulikwa, uangalie kesho yake kama zote zimegawanyika sawa.

Kwenye tishu, mambo hubadilika kwa sababu ya kina. Hemoglobini hufyonza sana mwanga ulio chini ya nanomita 600, tishu hutawanya mwanga wa buluu kila upande, na NADH na flavini, molekuli za asili za seli, hung'aa zenyewe kwa buluu na kijani. Dirisha bora liko kati ya nanomita 650 na 900. Ndimo ilimo indosianini ya kijani, inayowaonyesha wapasuaji mishipa ya damu. Mchanganyiko wake una iodidi, kwa hiyo mgonjwa huulizwa kuhusu mzio. Hadubini ya fotoni mbili, iliyoonyeshwa na Denk, Strickler na Webb mwaka 1990, hufika nusu milimita hadi milimita moja ndani ya ubongo, lakini leza yake ni ghali sana. Upande wa pili kuna karatasi ya fluoresini inayoguswa kwenye jicho na kumulikwa kwa buluu: seli za juu zikiwa nzima haishiki, penye kidonda huwaka kijani. Ni kitambuzi cha tishu hai kilicho kwenye kliniki zetu za macho, na kinagharimu fedha kidogo.

Kwa maabara inayotaka kuanza, ningeweka fedha kwenye LED na si taa ya zebaki. Taa ya zebaki hudumu saa 200 hadi 300, haipendi kuwashwa upya ikiwa bado moto, na umeme ukikatika kisha ukarudi baada ya dakika mbili huenda imekufa. LED hudumu maelfu ya saa, na UPS ndogo inaimudu pamoja na kamera. Agiza rangi zikiwa unga mkavu. Unga huvumilia safari na kuchelewa forodhani kuliko myeyusho. Tumia kilishi cha kukuzia seli kisicho na rangi ya fenoli nyekundu, chenye HEPES (kidhibiti cha asidi) ya milimola 10 hadi 20 kama hadubini haina kisanduku cha kaboni dioksidi. Lenzi zihifadhiwe kwenye kabati lenye silika, kwa sababu kuvu huota juu ya kioo katika unyevu wetu na hula tabaka lake lisirekebishike. Na muuzaji aandike kwenye ankara namba za vichujio vyote, kama 470/40 na 525/50, kwa maana neno “kijani” peke yake halitakusaidia siku utakapoagiza rangi ya pili.